Tulikodi boti Amiens, shangazi akakagua bustani

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma haya mkiwa kwenye daladala: ndiyo, nendeni. Kodini boti mnayoiendesha wenyewe, nendeni asubuhi, na siku ya katikati ya wiki ikiwezekana. Vaeni viatu ambavyo hamtavililia vikiingia tope. Hayo yanamtosha mwenye haraka. Asiye na haraka avute kiti, kwa sababu nilikwenda na shangazi, na shangazi hajawahi kupita kwenye bustani ya mtu bila kutoa hukumu.

Ninachozungumzia ni Hortillonnages za Amiens, bustani za mboga zilizo katikati ya mifereji, kaskazini mwa Ufaransa. Sisi tunaishi Lille, kwa hiyo kwetu ni safari ya treni ya asubuhi tu. Aliye Paris apande treni Gare du Nord. Ni saa moja na ushee, kama kilomita 120. Ukishuka stesheni huhitaji teksi. Unatembea kidogo kuelekea mtoni, unapita mtaa wa Saint-Leu wenye nyumba nyembamba na vijifereji vyake, na kabla hujachoka umeshafika kwenye maji.

Tuondoe kwanza uongo mmoja mtamu. Matangazo ya utalii hupenda kuziita bustani zinazoelea. Hazielei. Zimekaa chini kabisa, kwenye udongo mweusi wa bonde la Mto Somme. Hapo zamani palikuwa kinamasi. Watu wakachimba mboji yake, wakaikausha na kuichoma badala ya kuni. Wakachimba mitaro ili maji yapate pa kwenda, na tope lililotoka mitaroni wakalipandisha juu ya viwanja. Kizazi baada ya kizazi mitaro ikawa mifereji, viwanja vikawa visiwa. Leo ni hekta zipatazo 300 na mifereji ya kilomita 65 hivi, na viwanja vingi havifikiki kwa barabara yoyote. Kama huna chombo, utatazama kwa mbali.

Wenyeji huiita mifereji hiyo rieux, na wakulima wake hortillons. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima hao walikaribia elfu moja na ndio waliokuwa wakiulisha mji. Sasa wanaoishi kwa kuuza mboga unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono. Viwanja vingine vimekuwa vibanda vya mapumziko: maua, jiko la kuchomea nyama, sanamu ya bata ya plastiki, mzee na fimbo yake ya kuvulia samaki. Na kwamba zipo mpaka leo si kwa bahati. Miaka ya 1970 palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa humo humo. Mwaka 1975 mpiga picha wa mjini hapo, Nisso Pelossof, akaanzisha chama cha kuzitetea, bustani zikaponea. Chama hicho ndicho hadi sasa kinachotembeza wageni kwa boti kutoka Boulevard Beauvillé.

Sasa shangazi. Ni dada wa baba, mzaliwa wa Pangani kama mimi, lakini maisha yake ya kazi yamekwenda bondeni Msimbazi, Dar es Salaam, akilima mchicha, matembele na chainizi mpaka mafuriko yalipomchosha. Alipokuja kututembelea nilimtembeza kwenye majumba ya makumbusho na maduka, akawa ananishukuru kwa adabu tu, uso umelala. Nilipomwambia kuna mji ambao mboga zinalimwa katikati ya maji, akauliza swali moja.

"Maji ya chumvi au maji baridi?"

"Maji baridi, shangazi."

"Twende."

Kuna njia mbili kuu za kuingia humo kwa maji, na hapa ndipo wengi hukosea kuchagua. Ya kwanza ni boti za kile chama. Ni ndefu, za umeme, mnakaa watu kadhaa mkitazamana migongo, na mwongoza boti anawasimulia historia kwa Kifaransa. Haichukui hata saa nzima. Fedha mnayolipa inasaidia kutunza mifereji, kwa hiyo hainiumi hata kidogo kuilipa, na kwa mtu anayepita Amiens mara moja akielekea kwingine inatosha kabisa. Lakini hushuki. Unapita mbele ya bustani za watu, unaona dirisha la kibanda, unaona kamba ya nguo, halafu imekwisha.

Njia ya pili ni ya tamasha. Tangu mwaka 2010 kuna tamasha la kimataifa la bustani humo, linaloanza mwishoni mwa majira ya kuchipua na kwenda mpaka katikati ya Oktoba. Viwanja vilivyokuwa vimeachwa vikamezwa na miiba hukabidhiwa wasanii na wabunifu wa bustani, wengi wao vijana, nao hutengeneza bustani au kazi ya sanaa, kila mmoja kwenye kipande chake. Baadhi hubaki miaka kadhaa, baadhi hubadilishwa, na kwa msimu mmoja unaweza kukuta kama hamsini hivi. Sehemu mojawapo, Île aux Fagots, unaifikia kwa miguu. Nyingine unaikodia boti ndogo ya umeme katika kijiji cha Camon, kwenye gati la Port à fumier, mahali ambapo zamani samadi ya mjini ilipakiwa kwenye mitumbwi kwenda mashambani. Shangazi alipoambiwa hilo aliitazama sakafu ya gati kwa heshima ambayo hakuionyesha kwenye jumba lolote la makumbusho.

Ni hii ya pili ninayoisifia. Unapewa ramani, unavaa jaketi okozi, unaelezwa mambo machache kuhusu mota, unaachiwa kamba. Kutoka hapo ni wewe na maji. Boti ina tako bapa na haina mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hivyo inakwenda polepole na inajibu usukani kwa kuchelewa. Ukitaka kukata kona, anza kuikata kabla hujaiona vizuri. Upepo ukivuma ubavuni, chombo chote kinahama upande. Si jambo la kutisha, maji yenyewe ni mafupi na yametulia, lakini mtu anayedhani ataendesha kwa kidole kimoja huku anapiga picha kwa mkono wa pili atakwenda kukaa kwenye matete.

Mume wangu ni mtu wa Bukoba. Alijitangaza nahodha kwa sababu amekulia kando ya ziwa. Kwenye kona ya kwanza tukagonga ukingo, kwenye ya pili tukaingia chini ya matawi, mwanangu akacheka mpaka akakohoa.

"Mkwe wangu," shangazi akasema kwa upole, "ziwa lako lina nafasi. Hapa hakuna nafasi. Mpe mtoto wa mvuvi."

Basi nikakaa mimi tezini, nyuma ya chombo. Sikuwa nimeshika usukani wa chombo chochote tangu marehemu baba alipouza mtumbwi wake, na mkono ulikumbuka. Mume wangu akahamia omoni, kule mbele, kazi ikawa kusukuma matawi na kutupa kamba kila tunapofika gati. Humo ndimo alimofurahi kuliko sisi wote. Mierebi imejaa pande zote mbili, mingine imekatwa vichwa na kuchipuka upya, mingine imeinama mpaka majani yanagusa maji. Yeye alisoma shule za misheni, na mierebi iotayo kando ya mifereji aliijua kutoka kitabu cha Isaya tangu utotoni. Akawa anaitazama kwa namna ya mtu aliyekutana ana kwa ana na rafiki wa barua.

Kuna chombo kimoja ambacho ningeomba kila mtu akitazame kabla hajaondoka gatini, maana hiki hakimo kwenye orodha ya sanaa. Ni mtumbwi wa asili wa wakulima hawa, barque à cornet. Ni mrefu, unakaribia mita kumi, mweusi kwa lami, tako bapa, na omo na tezi zake zimerefushwa na kuinuliwa taratibu, si kwa ncha ya ghafla. Nilipouona mara ya kwanza nikadhani ni urembo. Halafu nikatazama ukingo, nikaelewa. Kwetu mtumbwi unaupandisha mchangani, mchanga hauna neno. Hapa ukingo ni mboji laini; ukiugonga kila siku kwa ubao wa chombo kilichojaa kabichi, baada ya miaka michache kiwanja kimeingia majini. Kwa hiyo waliunda omo refu linalopanda juu ya nchi kavu bila kuuponda ukingo, mkulima akapakia na kupakua akitembea juu yake. Chombo chenyewe walikisukuma kwa pondo, ule mti mrefu. Nilipapasa ubao wa ubavuni: lami imetengeneza magamba, na chini yake misumari imeacha vidonda vya kutu. Baba angeuliza nani anakikalafati, yaani nani anaziba nyufa zake.

Ukingo ndio hadithi yote ya mahali hapa, na ukiwa kwenye boti ndogo unauona kwa kimo cha macho yako. Sehemu nyingine umezuiwa kwa mbao na nguzo, sehemu nyingine kwa fito zilizosukwa, na sehemu nyingine haukuzuiwa na chochote, umemong'onyoka, mizizi ya miti iko hewani. Kuna na panya wakubwa wa majini wenye asili ya Amerika, wanaotoboa matundu humo na kuharakisha kazi ya maji. Mifereji nayo hujaa tope, na isipochotwa hugeuka tena kuwa kinamasi. Shangazi aliliona hilo kabla sijamweleza. Kwenye mfereji mmoja palikuwa na rundo la tope jipya juu ya ukingo, bado linang'aa. Akanyoosha mkono kutoka botini, akachota kiasi cha kujaa kiganja, akalifinya, akanusa.

"Hiki ni chakula," akasema. "Wanakitoa chini wanakila juu."

Akaosha mkono mferejini, akaufuta kwenye khanga, akatulia. Mimi naamini hiyo ndiyo tathmini bora kuliko zote zilizowahi kutolewa kuhusu Hortillonnages.

Sasa sanaa. Nitasema ninavyoona, na anayeijua sanaa kunizidi atanisamehe. Zipo kazi ambazo zingeweza kuwekwa kwenye mzunguko wowote wa barabara Ulaya na zisingepungukiwa kitu. Vioo vilivyosimamishwa ndani ya maji, kwa mfano. Vinapendeza, kila mtu anajipiga picha humo, bata wanaogelea nyuma yao, basi. Viti vyenye rangi kali vilivyowekwa juu ya nguzo mahali ambapo hakuna anayeweza kuvikalia. Mwanangu aliuliza mara moja tu ni vya nani, hakurudia.

Lakini zipo zilizojua zimekaa wapi. Kiwanja kimoja kilikuwa na kijia cha mbao kinachozunguka na kushuka kidogo kidogo, mpaka unajikuta umesimama ndani ya ardhi, kidevu chako kiko sawa na uso wa mfereji, umetenganishwa na maji kwa ubao tu. Kutoka hapo yungiyungi ziko mbele ya pua, unaona chini ya majani yake, mashina yanavyopinda kwenda gizani, vidudu vinavyokimbia juu ya maji. Boti ya watu wengine ilipita, na wimbi lake dogo likaja taratibu likagonga ubao, likarudi. Nilikaa humo mpaka nikaitwa. Kazi hiyo haikuleta kitu kutoka nje. Ilikushusha tu mahali ambapo macho yako hayafiki kwa kawaida.

Nyingine ilikuwa kibanda kilichosukwa kwa fito mbichi za mierebi, zikashika mizizi na kuchipua, kwa hiyo ukuta una majani. Ndani pana ubaridi na harufu ya ganda la mti lililovunjwa. Mwanangu akataka tuhamie. Nami nilipenda kwamba mtu asipokuja kukikata, baada ya muda kibanda kitaacha kuwa kibanda.

Halafu tukafika kwenye kiwanja cha mchicha.

Mbunifu wake alikuwa amepanda maua yenye mikia mirefu, myekundu ya kuiva, inayoning'inia karibu na ardhi, akayazungushia njia ya mbao ili yatazamwe kutoka pande zote. Watu walikuwa wanapiga picha. Shangazi, ambaye kwenye magati yaliyotangulia alikuwa akibaki botini kwa sababu ya magoti, safari hii alishuka bila kungoja mkono wa mtu. Akasimama mbele ya mmea mmoja, akashika jani, akaligeuza upande wa chini, akalitazama mishipa.

"Mchicha huu."

Nikamweleza kwamba wenzetu hawa wanaupanda kwa ajili ya ua.

"Umekomaa. Umetoa mbegu. Nani kauacha mchicha mpaka ukafika hapa?"

Kulikuwa na mama mmoja mwenye glavu za bustani aliyekuwa akipalilia kando. Akaniuliza bibi anasema nini. Nikatafsiri, nikapunguza makali kidogo. Yule mama akashangaa: anayajua maua hayo miaka yote, hajawahi kufikiri kwamba majani yake yanapikwa. Hapo shangazi akafungua darasa. Uuchume ungali mchanga, usingoje ua. Uuoshe kabla ya kuukata, ukiuosha baadaye umeumwaga utamu. Kitunguu, nyanya moja, moto mdogo, tui zito liingie mwisho na usifunike sufuria, utaharibu rangi. Mimi natafsiri, mume wangu anaongezea ya Bukoba ambayo hakuombwa, yule mama anaandika kwenye simu. Mwisho akakata mkia mmoja uliokauka, akampa shangazi. Shangazi akausugua katikati ya viganja, akapuliza makapi, zikabaki mbegu ndogo mno zimelala kwenye mistari ya kiganja chake. Akazitazama, akacheka peke yake, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Kama mnataka kujua kwa nini nasema mkodi boti ya kujiendesha, sababu ndiyo hiyo. Kwenye boti ya kutembezwa tungepita hapo kwa dakika moja, tungeambiwa ni maua, tungeondoka tumeamini.

Tahadhari chache. Kupanda na kushuka ni kwingi, na gati nyingine ziko juu kidogo kuliko chombo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu achague vituo vichache mapema kwenye ramani asijaribu vyote. Mbu wapo, hasa jioni, na ni wa kawaida tu. Viwanja vya watu binafsi vimechanganyika na vya tamasha. Mahali pasipo na alama ya tamasha msishuke, hata pakiwa na benchi zuri namna gani. Mkikutana na boti nyingine kwenye mfereji mwembamba, punguzeni mwendo, mmoja ajisogeze ukingoni, salimianeni. Tulipokutana na familia moja ambao boti yao imekwama kwa ubavu, shangazi aliwasukuma kwa mkono wake akawaambia "haya, nendeni salama" kwa Kiswahili, nao wakajibu "merci madame", kila mtu akaelewa.

Chakula ndicho kilichotuharibia hesabu. Tulifika kwenye mkahawa mmoja kando ya maji, sitautaja, saa nane na dakika kadhaa. Meza tupu, jua zuri. Tukaambiwa jiko limefungwa. Mwenye kuishi Ufaransa anajua kwamba saa ya chakula ni sheria, ila hapo tuliambiwa bila hata kutazamwa usoni, na soda nne zilizoletwa baada ya muda mrefu zilikuwa na bei ya mlo. Bebeni chakula chenu. Kama mnataka kula cha wenyeji, ulizeni mapema kilichomo: ficelle picarde, ambayo ndiyo fahari ya mkoa huu, ni chapati laini iliyoviringishwa na kuokwa kwa krimu na uyoga, na ndani ina nyama ya nguruwe. Shangazi alikuwa ameshaipenda kwa macho. Alifidiwa na makaroni ya Amiens, vile vitu vidogo vizito vya lozi na asali, havifanani na vile vya rangi rangi vya Paris, na supu ya hortillons iliyopikwa kwa mboga za hapo hapo, tuliyoipata mjini usiku.

Tulilala mjini kwa makusudi, ili Jumamosi asubuhi itukute sokoni Place Parmentier, kando ya maji pale Saint-Leu. Hapo ndipo hortillons waliobaki huuza mboga zao. Siku hizi mboga huja kwa gari. Mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, hufanyika soko la mfano wa zamani, wakaja na mitumbwi na mavazi ya mababu. Linapendeza lakini umati wake ni wa kusukumana. Jumamosi ya kawaida ni bora. Shangazi alichukua liki moja, akaishika kwa shina, akatazama mizizi. Bado ilikuwa na ule udongo mweusi. Akausagasaga kwa vidole, akaniambia niulize inachukua muda gani tangu kuatika hadi kuvuna, na wanapanda nini baada yake. Muuzaji, mzee mwenye mikono ya kazi, alipoona swali ni la mkulima aliacha wateja wengine wasubiri. Alisema udongo ule ukitunzwa unaweza kutoa mavuno matatu kwa mwaka. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, akasema hata kule bondeni mchicha haumpi mtu nafasi ya kukaa. Halafu akaomba nyongeza, na kwa mshangao wangu akapewa: fungu zima la figili. Nimeishi nchi hii miaka mingi, sijawahi kupewa nyongeza.

Kati ya nyota tano napapa nne. Moja nimeikata kwa ajili ya magoti, maana ni mahali pazuri sana kwa wazee na pagumu kwa miguu yao. Msiende kama mnatafuta mandhari ya kutisha au kasi, wala kama mtoto wenu hawezi kukaa kwenye chombo bila kusimama. Nendeni kama mnalima hata kwenye ndoo za barazani, au mlikulia karibu na chombo chochote chenye pondo.

Kuhusu msimu: Juni ina maua mengi na watu wengi, Agosti ina watu wengi zaidi. Mimi nachagua Septemba. Maboga yameiva, mchicha wao umefikia pale ulipomuudhi shangazi, shule zimefunguliwa na mifereji ina nafasi ya kujifunza kukata kona. Wekeni nafasi ya boti mapema hata hivyo, hasa wikiendi, maana boti za Camon huisha. Chukueni ile ya kwanza ya asubuhi. Na bebeni taulo kuukuu, kwa sababu viti huwa vimelowa umande na hakuna anayetaka kuanza safari suruali ikiwa imeshika maji.